Skrubu Inazunguka Tupu: Namna ya Kuokoa Mlango wa Kabati Ambao Bawaba Zake Hazishiki

Mlango wa kabati la vyombo nyumbani kwa dada yangu, pale Uyole, Mbeya, ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli tangu kabla ya Pasaka. Ukitaka sahani unafungua fundo, unaukinga mlango kwa goti, unatoa sahani, unafunga fundo upya. Watoto walishazoea. Mimi nilikwenda kusalimia mwezi wa saba, nikavuta tu kama mtu anayefungua kabati, ukanishukia kwenye vidole vya mguu.

"Pole. Huo huwa tunaukinga kwa goti," dada akasema, kana kwamba kosa ni langu.

Fundi alikuwa ameshaitwa mara mbili. Mara ya kwanza alikaza skrubu zilezile, zikashika siku nne. Mara ya pili alikuja na skrubu ndefu, akazigonga kwa nyundo hadi karibu na mwisho, kisha akamalizia kwa bisibisi mizunguko miwili ili ionekane zimefungwa. Moja ilitokeza upande wa pili wa ubao, kwenye chumba cha jirani cha kabati hilohilo, na mpwa wangu alikuwa ameivika ncha yake jojo iliyotafunwa ili isimchune mkono.

Dada alitaka twende Mwanjelwa tukanunue bawaba mpya. Nilimwambia asitoe hela bado, kwa sababu bawaba haina kosa. Hata ukileta mpya, ukaifunga kwenye tundu lilelile, itadondoka vilevile. Kilichokufa ni mbao inayoizunguka skrubu, na kazi yote ninayoieleza hapa ni kuirudisha mbao hiyo ndani ya tundu ili skrubu ipate cha kung'ata.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni tundu

Fungua mlango nusu, ushike upande wa kishikio, uunyanyue na kuushusha taratibu huku macho yako yakiwa kwenye bawaba. Kama jani la bawaba, yaani lile bati lake lenye matundu ya skrubu, linaachana na ubao kisha linarudi, skrubu hazishiki. Kama jani limetulia kwenye ubao lakini mlango unacheza pale kwenye kiungo, bawaba yenyewe imelika. Hapo nunua nyingine, gundi haitakusaidia. Na kama hakuna kinachocheza ila mlango unakwaruza fremu, huenda mbao imevimba tu kwa unyevu. Huku kwetu mvua huanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili au Mei, na kabati la mbao tupu lililoko Tukuyu katikati ya Machi si kabati lile uliloliona Septemba. Usikimbilie randa. Ukiuranda mlango wakati wa mvua, kiangazi kikifika utakuwa na mwanya wa kupitisha mende.

Baada ya hapo chukua bisibisi inayoenea kichwa cha skrubu, kaza kwa mkono. Skrubu iliyolegea tu itakaza, itakuwa nzito, itasimama. Umemaliza, nenda kanywe chai. Skrubu ambayo tundu lake limelika itazunguka tupu, haisimami wala haiwi nzito, na mara nyingi utaweza kuichomoa kwa vidole kama unavyochomoa njiti kwenye kiberiti. Iangalie ikishatoka. Ikiwa kwenye nyuzi zake kuna unga wa mbao uliokauka, ndiyo mbao yenyewe hiyo, imesagika.

Utagundua pia kwamba karibu kila mara bawaba ya juu ndiyo inayotangulia kufa. Uzito wa mlango unaning'inia upande wa kishikio, kwa hiyo bawaba ya juu huvutwa itoke kwenye ubao, na ya chini husukumwa iingie. Hata kama ya chini inaonekana nzima, ya juu ndiyo utakayoipa kazi nzuri kuliko zote.

Kwa nini tundu linalika

Skrubu inashika kwa sababu nyuzi zake zimejichongea mifereji kwenye mbao, na kila uzi umekaa kwenye mfereji wake. Ukiizungusha kuingia, inachonga. Ukiigonga kwa nyundo, haichongi chochote: inapasua njia, inararua nyuzinyuzi za mbao kote inakopita, na mwisho unabaki na tundu pana lenye kuta zilizochanika. Ile mizunguko miwili ya mwisho ndiyo pekee iliyoshika. Nimeona makabati mengi mapya, yenye vanishi bado inanuka, ambayo skrubu zote zimepigwa nyundo. Fundi anaokoa dakika kumi, mwenye kabati anafunga mlango kwa mpira.

Sababu ya pili ni mbao yenyewe. Sehemu kubwa ya fanicha za bei ya kawaida kuanzia Iringa hadi Mbeya ni paini, mbao za Mafinga, kutoka mashamba ya miti ya Mufindi kama Sao Hill. Paini si mbao mbaya, lakini ni laini, na mara nyingi inafika kwa seremala ikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa kwa upana wake, na skrubu iliyofungwa ikiwa mbichi hubaki ndani ya tundu lililobadilika umbo. Ongeza watoto wanaoning'inia mlangoni kutafuta sukari, basi.

Chipubodi, zile mbao za kiwandani za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi ya rangi, ina habari yake. Haina nyuzinyuzi ndefu za kushika skrubu. Ikipata maji inavimba, inakuwa kama ugali uliolala, na haiwi ngumu tena hata ikikauka. Kama kabati lako ni la aina hiyo, soma hadi mwisho kabla hujagusa kitu.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota au bapa kulingana na skrubu zako, na iwe inaenea sawasawa. Bisibisi ndogo itaharibu kichwa cha skrubu na utakuwa na matatizo mawili. Gundi nyeupe ya mbao, ile nzito kama maziwa ya mgando. Wembe au kisu chenye makali. Msasa kipande. Kitambaa kilicholowa kidogo. Penseli. Drili ukiwa nayo, yenye biti ya milimita 2 au 2.5, usipokuwa nayo, nitakueleza cha kufanya.

Halafu kitu cha kujazia. Watu wengi wanatumia njiti za kiberiti, na zinafaa kwa mlango mdogo mwepesi, ila ni mti laini sana. Vijiti vya kuchokolea meno ni afadhali. Mimi ninachopenda kuliko vyote ni vijiti vya mishikaki. Vile vya mianzi, vilivyonyooka, vina unene wa kama milimita tatu, na mwanzi uliokauka ni mgumu kuliko paini yoyote utakayokutana nayo kabatini. Pakiti moja utagawa na majirani. Ukiwa Njombe au Iringa vijijini hata huhitaji kununua: pasua mwanzi mkavu wa ulanzi uliokwisha kazi yake, uchonge vipande vyembamba. Mkavu, nasisitiza. Mwanzi mbichi utasinyaa na utarudi ulikotoka.

Kushusha mlango

Toa vyombo vyote kwenye chumba hicho cha kabati. Najua ni uvivu, lakini vumbi la mbao kwenye vikombe linaudhi na sahani moja ikivunjika utaisikia wiki nzima.

Kabla hujafungua chochote, chora kwa penseli kuzunguka jani la kila bawaba, upande wa fremu na upande wa mlango. Mistari hiyo ndiyo itakayokurudisha mahali pako. Weka vitabu au boksi chini ya mlango ukae bila kuning'inia, au mwite mtu akushikie. Anza na bawaba ya chini, malizia na ya juu. Ukianza na ya juu, mlango mzima utaegemea skrubu za chini na utazing'oa nazo. Mlango wa kioo usiushushe peke yako.

Kama bawaba zako ni za kikombe, zile zisizoonekana nje mlango ukifungwa, huna haja ya kung'oa kila kitu. Nyingine zina kibonyezo nyuma ya mkono wake. Ukibonyeza, mkono unaachia bamba lililofungwa kwenye ubavu wa kabati. Nyingine zina skrubu moja ya nyuma unayoilegeza, kisha unavuta mkono kuelekea kwako. Kwa kawaida bamba ndilo linalokuwa limelegea, siyo kikombe, ile sehemu ya mviringo iliyozama kwenye mlango.

Skrubu zipange kwenye kipande cha kadibodi kwa mpangilio uleule zilivyokuwa. Zile ndefu za fundi wa pili niliziweka kando, hazikurudi.

Kusafisha tundu

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayofanya gundi isishike. Tundu lililolika limejaa unga wa mbao na wakati mwingine mafuta ya kupikia, maana kabati liko jikoni. Gundi itagandia unga, na unga haujagandia kitu. Kwa ncha ya kisu zungusha ndani ya tundu mpaka ukute mbao ngumu, kisha upulize kwa mrija wa soda huku umefumba macho. Kama kuna mafuta, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na uache pakauke. Ukikuta mabaki ya nailoni au karatasi ambayo mtu alisokota humo zamani, toa yote. Kwenye bawaba ya juu ya dada nilitoa kipande cha mfuko wa sukari.

Pima kina kwa kijiti: ingiza mpaka kigote, weka alama kwa ukucha, toa. Ubavu wa kabati wa kawaida una unene wa milimita 16 au 18. Ikiwa kijiti kinazama kuliko hapo, tundu limetokea upande wa pili, na itabidi uzibe kwa nyuma kwa utepe wa gundi ili unachojaza kisimwagike.

Kujaza

Jaribu kwanza vikiwa vikavu. Kata vijiti virefu kuliko tundu kwa kama sentimita moja ili upate pa kushika, chonga ncha kidogo, uone vinaingia vingapi. Tundu la skrubu ya kawaida ya kabati hupokea kimoja cha mishikaki na vipande viwili vitatu vya kuchokolea meno pembeni yake. Kama kimoja tu kinajaza na kubana, vizuri zaidi.

Vitoe. Dondosha gundi ndani ya tundu, kisha chovya kila kijiti kwenye gundi kizima, siyo ncha tu, ukirudishe. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi mpaka vigote chini. Unataka vibane, lakini usishindilie kama unapigilia msumari. Kwenye paini karibu na ukingo wa ubao utapasua, na kwenye chipubodi utaifumua kwa ndani bila hata kuona. Gundi iliyofurika ipanguse sasa hivi kwa kitambaa kilicholowa. Ikikauka kwenye mbao, hata rangi na vanishi hazitapakaa hapo.

Usikate vijiti sasa. Viache vimetokeza, gundi ikauke ndipo ukate kwa kuulaza wembe sambamba na ubao. Ukivikata vikiwa vibichi vinavutika na kuzunguka.

Kusubiri, hasa huku kwenye baridi

Maandishi ya kwenye kopo yatakuambia nusu saa au saa moja. Hiyo ni ya kushika, siyo ya kubeba mlango. Mimi nasubiri saa 24, na mwezi wa sita na wa saba nasubiri siku mbili.

Sababu ni hii. Gundi nyeupe hukauka kwa maji yake kutoka na chembe zake kuungana kuwa utando mmoja. Kwenye baridi kali chembe haziungani. Maji yanatoka, lakini kinachobaki ni kitu cheupe kama chaki, kinachomomonyoka ukikikwaruza kwa ukucha. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 bila taabu. Kwa gundi nyingi za aina hii huo ni ukingoni. Kwa hiyo fanya kazi saa tano au saa sita mchana, jua likiwa limeshapasha nyumba, siyo jioni ukitoka kazini. Kopo la gundi lilale ndani, siyo stoo ya nje. Gundi ikikauka ikawa inang'aa na kupenya mwanga kidogo, iko sawa. Ikiwa nyeupe pe na inavunjika kama chokaa, toa, anza upya. Na tafadhali usiweke jiko la mkaa jikoni ukafunga madirisha ili gundi ipate joto. Mkaa unaua watu kila mwaka kwa ajili ya vitu vya maana kuliko mlango wa kabati.

Dada aliona siku mbili ni nyingi. Tukatoa vyombo vikakaa mezani, tukala mezani hapohapo tumezungukwa na masufuria.

Tundu la kuongozea

Gundi ikishakauka, kata vijiti, piga msasa mpaka ubao uwe laini, rudisha bawaba kwenye mistari yako ya penseli na uweke nukta katikati kabisa ya kila tundu la bawaba. Nukta ikienda pembeni, skrubu itasukuma bawaba, na mlango utakaa upande.

Sasa toboa. Skrubu nyingi za bawaba za kabati zina unene wa milimita 3.5 na urefu wa 16. Kwa hizo tundu la milimita 2 kwenye paini, au 2.5 kwenye mbao ngumu, linatosha. Tundu hili halichukui nafasi ya skrubu, linaionyesha njia tu, ili nyuzi zichonge pembeni na vijiti visipasuke. Zungushia biti utepe kwenye umbali wa milimita 12 kutoka nchani, na utepe ukigusa ubao, simama. Bila alama hiyo siku moja utatokea upande wa pili.

Huna drili? Chukua msumari mwembamba, ukate kichwa kwa plaizi, ubane mwisho wake kwa plaizi hiyohiyo, na uzungushe kwa mkono huku ukisukuma. Ni polepole lakini inatoboa. Msharasi wa fundi viatu pia unafanya kazi. Ukiweza kuazima drili ya mkono ya seremala wa mtaani, ile ya kuzungusha kwa mpini, hiyo ni bora hata kuliko ya umeme kwa kazi ndogo kama hii, maana haikimbii.

Kabla ya kufunga, sugua nyuzi za skrubu kwenye mshumaa. Nta inafanya iingie laini. Wengine wanatumia sabuni ya mche. Inateleza vizuri lakini inavuta unyevu na skrubu inashika kutu. Funga kwa mkono, siyo kwa drili. Utasikia ikiwa nzito kadiri inavyoingia. Ikigusa bawaba, ongeza robo mzunguko, basi. Ukitaka kuona kama utakaza zaidi, ndipo unapolila tundu jipya.

Na siku yoyote utakapoirudisha skrubu kwenye tundu ambalo imewahi kukaa, izungushe kwanza kinyumenyume taratibu. Utahisi kama imedondoka kidogo, tk. Hapo imekuta mfereji wake wa zamani. Sasa igeuze kukaza. Usipofanya hivyo inachonga mfereji wa pili juu ya wa kwanza, na baada ya mara tatu nne hakuna mfereji tena.

Tundu likiwa pana mno kwa vijiti

Kuna hali ambayo vijiti ni kujidanganya: tundu la kuingia kidole cha mtoto, au mbao iliyomomonyoka pembeni. Hapo unaweka kizibo kizima. Nenda kwa seremala, omba kipande cha mabaki ya mninga, mkongo au hata mlingoti mkavu. Kawaida wanakupa bure ukiomba kwa adabu na kuanza na shikamoo. Chonga kijiti cha mviringo cha milimita 8. Panua tundu kwa biti ya 8 mpaka kina cha milimita 12 kwenye ubao wa 18, tena ukiwa umeweka utepe kwenye biti. Mfereji mmoja mwembamba uchore ubavuni mwa kizibo kwa kisu ili gundi na hewa vipate pa kutokea. Bila huo, kizibo kitakuwa kama pampu, kitakataa kugota. Paka gundi kote, gonga taratibu, subiri, kata, msasa, toboa.

Kizibo kina udhaifu mmoja: skrubu inaingia kwa kufuata urefu wa nyuzinyuzi, na skrubu hushika vizuri zaidi ikizikata kwa kukingama. Kwa mlango wa kabati haijalishi. Kwa mlango wa kabati la nguo wenye kioo kizima, weka bawaba ya tatu. Hata bila kioo, mlango unaozidi sentimita 90 kwa urefu usiuachie bawaba mbili.

Na skrubu ndefu? Ni dawa halali pale tu ambapo kuna mbao ya kuipokea, yaani kwenye fremu nene ya milimita 40 au zaidi. Kwenye ubavu wa 16 haina pa kwenda. Skrubu nene kidogo, kwa mfano ya 4 badala ya 3.5, inaweza kusaidia kama kichwa chake bado kinaingia kwenye shimo la bawaba bila kutokeza. Kikitokeza, mlango hautafunga.

Chipubodi iliyofumuka

Kama imefumuka kidogo, tundu limepanuka lakini pembeni bado pagumu, dondosha gundi ya supa gluu nyepesi kwenye kuta za tundu kwanza. Inanyonywa na kugandisha chembe zilizolegea. Fungua madirisha, usiinamie, na usipanguse kwa pamba. Gundi hiyo ikikutana na pamba huchemka. Ikikauka, endelea na vijiti na gundi nyeupe kama nilivyoeleza.

Ikiwa imeng'oka kipande kizima na bamba la bawaba, au imevimba kwa maji, usipoteze gundi. Kata kipande cha plaiwudi cha milimita 6, kirefu kama sentimita 15 na kipana kuliko bamba, ukigandishe kwa ndani ya ubavu juu ya sehemu iliyokufa, na ukifunge kwa skrubu fupi mbali na uharibifu, kule ambako chipubodi ni nzima. Kumbuka plaiwudi imesogeza bawaba kuelekea katikati ya kabati kwa milimita hizo 6, na mlango utakaa hivyo hivyo usipofidia. Ama chimba plaiwudi izame kwenye ubavu kwa patasi, ama weka plaiwudi bawaba zote mbili ili mlango usimame wima, kisha uone kama skrubu za kurekebishia zinatosha kuurudisha.

Kikombe kikiwa ndicho kilichong'oka kwenye mlango, habari ni nyingine. Tundu la kikombe lina upana wa milimita 35 na limechukua zaidi ya nusu ya unene wa ubao. Mbao iliyobaki chini yake ni nyembamba kuliko biskuti. Mimi hapo nahamisha bawaba: naisogeza juu au chini kwa sentimita 6 na kutoboa kikombe kipya. Hiyo biti ya 35 si ya kununua kwa mlango mmoja. Peleka mlango kwa seremala mwenye nayo, akutobolee, ulipe, urudi nao.

Kurudisha na kunyoosha

Safari hii unaanza na bawaba ya juu. Funga skrubu moja katika kila bawaba, fungua na ufunge mlango mara mbili, ukiridhika ndipo uweke zilizobaki.

Bawaba za kawaida za majani mawili hazina pa kurekebishia. Mlango ukigusa fremu upande wa juu wa kishikio, weka kipande cha kadibodi ya boksi la sabuni nyuma ya jani la bawaba ya chini. Kinasogeza sehemu ya chini na mlango mzima unanyooka. Kipande kimoja kinatosha mara nyingi. Kama jani limezama zaidi kuliko ubao, hapo pia kadibodi ndiyo dawa.

Za kikombe ni raha zaidi. Skrubu ya mbele kwenye mkono inasogeza mlango kushoto na kulia. Ya nyuma inausogeza kuingia na kutoka. Kupanda na kushuka unalegeza zile mbili za bamba, ambazo mashimo yake ni ya duaradufu, unasogeza, unakaza. Zungusha nusu mzunguko, funga mlango, angalia, rudia. Unatafuta mwanya wa milimita 2 hivi kati ya mlango na mlango, unaolingana juu mpaka chini. Usigeuze skrubu mbili kwa wakati mmoja. Hutajua ipi imefanya nini.

Baada ya wiki moja ya kutumika, pitia kila skrubu kwa bisibisi ya mkono. Zikipokea robo mzunguko ni kawaida. Ikiwepo inayozunguka tupu tena, hiyo gundi yake haikukauka, au hukusafisha tundu.

Kwa dada kulikuwa na kazi moja zaidi. Ile skrubu ya fundi iliyotokeza chumba cha pili niliichomoa, nikaziba tundu kutoka pande zote mbili kwa kijiti kimoja kilichopita katikati, nikakikata huku na huku. Jojo ilikuwa imekuwa ngumu kuliko gundi yangu. Ilibidi niibandue kwa patasi.